Filamu za farasi ziko nyingi, punda wetu je?

Mhariri,

Hapa Kahama, kwenye kibanda cha video tunakotazamia mpira, juzi tuliwekewa filamu ya historia ya mbio za farasi. Nairobi ilikuwemo, na Beryl Markham pia, yule mama aliyekuwa mkufunzi wa farasi Kenya kabla ya kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Filamu nzuri, sikatai.

Kijana mmoja akauliza mbona Usukumani hakuna farasi. Mzee akamjibu kwa neno moja: mbung'o. Ugonjwa wa nagana, unaoenezwa na mbung'o, huwaangusha farasi upesi sana. Na hapahapa Shinyanga, enzi za Mwingereza, Charles Swynnerton alifanya utafiti wa mbung'o akishirikiana na Wasukuma waliofyeka na kuchoma mapori. Hiyo si filamu tayari?

Halafu kuna punda. Huyu ndiye abebaye maji, mahindi na kuni zetu, wala hadai petroli kama bodaboda. Nusura tummalize kwa biashara ya ngozi iendayo China kutengeneza dawa, hadi serikali ilipozuia uchinjaji, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara hiyo kwa miaka 15. Lamu humshindanisha kwenye sherehe za Maulidi, na watu hujaa ufukweni kushangilia.

Watengeneza filamu wanaofika Geita hupiga picha dhahabu tu. Wakigeuza kamera kidogo, watamwona punda anapita na madumu mgongoni.

Msomaji wako,
Kahama, Shinyanga