Batri iliyokufa isipasuliwe mu lupango



Siku hizi koperative nyingi ziko na pano ya soleri. Inawasha taa mu depo, inachaji simu, na kila mutu anafurahi. Lakini kuko swali moja ambalo hatuulizani: kisha miaka mbili ao tatu, wakati batri imekufa, inaenda wapi?

Jibu tunalijua. Inalala nyuma ya nyumba na watoto wanaichezea. Ao kijana anaipasua na nyundo, anamwaga asidi chini, anayeyusha risasi (ile tunaita plomb kwa Kifaransa) mu sufuria ya zamani juu ya makaa, atengeneze vizito vya nyavu ao auze kwa kilo. Maoni yangu ni haya: kazi hiyo isifanyike tena mu lupango hata moja ya memba wetu.

Batri ya soleri ya aina hii, sawa na ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Ukiipasua, vumbi inabaki kwenye udongo, kwenye nguo na mikono. Ukiiyeyusha, moshi inaingia mu mapafu. Mutoto njo anaumia zaidi: anatambaa chini, anatia vidole mu kinywa, na risasi anayomeza inaingia mu mwili wake mara 4 ao 5 kupita ya mutu mukubwa. Inaharibu ubongo unaokua. Mutoto anakosa damu, tumbo inamuuma, hakui vizuri, kwa masomo anachelewa. Ikizidi sana, anapata kifafa, anazimia, anakufa. Ubongo ukisha kuharibika, haurudi.

Mutu mukubwa naye haponi. Tension inapanda, figo zinachoka, mbegu za mwanaume zinapungua. Risasi inajificha mu mifupa miaka mingi, na mama akipata mimba inatoka mu mifupa inamfikia mutoto tumboni. Mimba inaweza kutoka, ao mutoto anazaliwa na kilo kidogo.

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Kule Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, mu Senegal, watu walikuwa wanachekecha udongo wa batri za zamani ili wauze risasi. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa. Mu jimbo la Zamfara, Nigeria, mu 2010, watu walisaga nyumbani mawe ya zahabu yenye risasi. Watoto kama 400 walikufa. Sisi wenye kuishi karibu na zahabu, tusikie vizuri.

Wengine wanasema: kunywa maziwa, inasafisha. Hapana. Chakula chenye chuma na kalisi, kama maharagi na ndagala, kinasaidia mwili usivute risasi nyingi, lakini hakiondoi ile imeisha kuingia. Kipimo cha damu njo kinaonyesha ukweli, na vituo vyetu vya afya vingi havina. Kwa hiyo dawa yetu ya kwanza ni kuzuia.

Kama agronome naongeza neno la udongo. Risasi haiozi, mvua haiimalizi. Inabaki juu juu, pale pale tunapolima. Pahali batri ilipasuliwa, usipande lengalenga, sombe, karoti wala viazi. Mbolea ya ngombe na chokaa vinaishika kidogo, haviitoi. Afazali pahali hapo pafunikwe na majani, watoto wasikanyage.

Najua mutu atauliza: na makuta? Batri moja inaweza kusaidia kulipa minervali. Ni kweli, na njo maana kukataza peke yake haitoshi. Koperative iandike kila batri mu rejista siku inaponunuliwa. Ikikufa, memba ailete nzima, ipimwe, apate bei ile ile ya mununuzi wa kilo. Isimamishwe juu ya ubao, mu chumba cha kufunga, mbali na mbegu na chakula. Zikiwa nyingi, ziuzwe pamoja, nzima, kwa mutu anayezipeleka kwenye kiwanda cha kweli. Na mradi wowote unaotuletea batri uandike mu mukataba nani atazirudisha. Kugawa batri na kuacha sumu kijijini, hiyo haiko musaada.

Ndugu, mu mukutano mukuu unaokuja, tieni jambo hili kwenye orodha. Kulipa minervali ya mutoto na feza iliyomuharibia kichwa cha kusoma, faida yake ni gani?