Mita Kwanza, Bufa Lini?

Makala karibu zote zilizotufikia kwa toleo hili zinaanza na bei. Mita ya pH ya dukani inauzwa hivi, ya kuunda wenyewe kwa bodi ya Arduino inagharimu vile, na hapo mwandishi anafunga hoja. Nimezisoma kwa furaha, maana tumelia miaka mingi kwamba maabara za shahada ya kwanza hazina vifaa, na sasa wamepatikana watu wanaolehemu waya badala ya kusubiri zabuni. Nimezisoma pia kwa hasira, kwa sababu chache mno zinataja bufa, yaani myeyusho wa pH inayojulikana wa kusawazishia mita.

Wako wenzetu wanaosema kifaa cha kuungaunga kinamshusha hadhi mwanafunzi wa chuo kikuu. Hao sitawajibu kwa kirefu. Mwaka 1934 Arnold Beckman aliunda mita yake ya pH kwa sababu rafiki yake, mkemia wa chama cha wakulima wa matunda California, alitaka kujua ukali wa maji ya limau. Elektrodi ya kioo hutoa umeme dhaifu, vipimo vya wakati ule vikishindwa kuusoma, naye akaukuza kwa vali za redio. Kifaa ambacho leo kinahesabiwa cha heshima kilianza kwa kuungwaungwa, tena kwa ajili ya zao la shambani.

Sisi wa Masasi na Newala tunalo zao letu na swali letu, nalo ni salfa. Korosho ya Tanzania ilifika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha ikaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katika miaka ya 1980. Wakulima kuhamishiwa vijijini na bei mbovu vilichangia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukamalizia. Unga wa salfa, uliosambazwa kwa msaada wa watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, uliirudishia mikorosho uhai, na sioni mkulima wa kumlaumu kwa kuupuliza. Lakini salfa isiyobaki kwenye maua huanguka chini, na bakteria wa udongo huigeuza asidi ya salfuriki. Kilo 32 za salfa huzaa kilo 98 za asidi, na kuizimua kunadai kilo 100 za kalsiamu kabonati. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, wenye mboji kidogo, hauna cha kujikingia. Watafiti Majule, Topper na Nortcliff waliandika juu ya athari hizo mwaka 1997. Tangu hapo salfa imeendelea kupulizwa msimu kwa msimu, na sijaona swali bora zaidi la kumpa mwanafunzi wa kemia wa upande wetu: shamba hili limefika pH ngapi, na la jirani asiyepuliza je?

Hapo ndipo bufa inapoamua kila kitu. Kwenye nyuzi 25 za selsiasi, elektrodi nzima hutoa milivolti 59 kwa kila namba moja ya pH. Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024, yaani karibu milivolti 5 kwa ngazi, sawa na pH 0.08 kama ishara haikukuzwa. Kasoro hiyo inatibika kwa kikuza umeme kidogo. Kasoro ya hatari iko kwenye elektrodi yenyewe, inayochakaa ikakauka kwenye kabati la joto hadi ikawa inatoa milivolti 50 tu. Mwanafunzi aliyeisawazisha kwa bufa moja ya pH 7, huku programu yake ikiamini 59, atapima udongo wa pH 4.5 na skrini itamwandikia 4.9. Tazameni kosa hilo linaelekea wapi. Linauonyesha udongo mzima zaidi ya ulivyo. Mita iliyochoka inaficha madhara yaleyale tuliyoiunda iyatafute, na inayaficha zaidi kwenye shamba lililoharibika zaidi.

Bufa ya pili ingelifichua kosa hilo kwa dakika tano. Gramu 10.2 za potasiamu hidrojeni ftaleti katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa hutoa pH 4.01, na lita hiyo inatosha darasa zima. Inahitaji mizani ya kuaminika na maji safi, na Newala, ambako hata maji ya kunywa hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, maji yaliyotoneshwa ni gharama halisi. Basi iandikwe kwenye bajeti. Hesabu ya bei isiyo na bufa, mizani na elektrodi ya akiba inamdanganya mkuu wa idara atakayeisoma.

Kati ya makala zilizopita mchujo, ile ya kolorimita ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Mwandishi anatumia LED ya kijani kwa pamanganeti, na anakiri kwamba ufyonzaji ukifika 2 mwanga unaobaki ni asilimia moja, yaani ngazi kumi tu kati ya 1,024, kwa hiyo hapimi zaidi ya 1. Kukiri kwa namna hiyo ndiyo kemia. Makala ya titresheni ya kujiendesha ni nzuri. Ya vipimajoto ni fupi na ina msimbo kamili.

Kuna wanaoniambia masharti haya yatawavunja moyo waundaji wachanga. Siamini. Darubini ya kujiundia ya OpenFlexure, waliyoshiriki kuiendeleza wahandisi wa Dar es Salaam pamoja na Chuo Kikuu cha Bath, ilipelekwa Taasisi ya Afya Ifakara ikajaribiwa kwenye malaria, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Haikuhitaji kuonewa huruma. Mwalimu wa sekondari wa Newala anayesoma shahada Chuo Kikuu Huria, ambaye maabara ya vitendo iko mbali na nyumbani kwake, naye hahitaji huruma. Anahitaji mita atakayoweza kuitetea mbele ya mtahini na mbele ya mkulima.

Kuanzia toleo lijalo, makala ya kifaa chochote ije na jedwali la usawazishaji: bufa au viwango visivyopungua viwili, milivolti ghafi kabla programu haijazigeuza, joto la chumba, na tarehe elektrodi ilipofunguliwa. Sampuli za udongo zieleze uwiano wa udongo na maji, na kama ilitumika kalsiamu kloridi, kwa kuwa majibu hayalingani. Michoro na msimbo vije na maelezo ya Kiswahili. Makala za kutoka Masasi, Newala na Tandahimba zitasomwa kwanza.