ASIYEHESABU HUHESABIWA

Ndugu wafanyakazi wa mashimo, na ninyi wakaaji wote wa Kashuga,

Kuna neno linalotuumiza. Mtu mzima anasimama mbele ya mizani na kusema, "Mimi hesabu sijui," na watu wanacheka. Naye mwenyewe anacheka. Lakini asiyejua kusoma barua huificha mfukoni, akamtafuta mtoto wake amsomee kwa siri. Kwa nini kutojua kusoma ni haya, na kutojua hesabu ni mchezo?

Tuhesabu pamoja. Tuseme mfuko wa madini una kilo 48. Mnunuzi anaondoa kilo 2 za maji na mchanga, zinabaki 46. Kwa franka 9,000 kila kilo, malipo ni franka 414,000. Mchimbaji anaambiwa 396,000, anashukuru, anakwenda zake. Zimepotea 18,000. Ikiwa hivyo kila juma, kwa majuma 50 ni franka 900,000. Hapo nani anacheka?

Wala tusiseme watu wetu ni wajinga. Mama anayeuza maharagwe sokoni kwa kikombe hadanganywi chenji. Vijana sita wa shimo moja wanagawana mapato yao jioni, na kila mmoja anajua fungu lake. Akili iko, kilichokosekana ni masomo. Wabelgiji walifungua shule nyingi za chini na kuubana mlango wa juu: tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Tena vita iliyoanza Ntoto, katika Walikale, mwaka 1993, iliwatoa watoto wengi shuleni. Watoto wale ndio watu wazima wa leo.

Jirani zetu wa Tanzania waliona jambo hili mapema. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazee wakaketi darasani kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu.

Sheria ya madini ya 2018 inawataka wachimbaji wa mikono wawe katika vyama vya ushirika. Lakini chama ambacho daftari lake linasomwa na mtu mmoja ni mali ya mtu huyo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila kikosi kichague watu wawili wajifunze kuzidisha na asilimia, jioni mbili kila juma. Karani asome uzito na bei kwa sauti mbele ya wote. Na anayemcheka mwenzake, yeye ndiye awe mwalimu wake.

Ndugu, bendera tuliipata 1960. Mizani bado.