Bibi Harusi Mtunzeni na Mshubiri

Kwenye harusi zetu bibi harusi hutunzwa vyombo, mapazia na kanga. Sisi tunasema mwongezeeni na kopo la mshubiri. Huenda anahamia nyumba ambayo maji ni ya kuchota kwa madumu, na mmea huu hauombi mengi. Majani yake manene ndiyo tangi lake.

Mshubiri hauuawi upesi na jua, unauawa na maji. Tunaumwagia kila asubuhi kwa mapenzi, mizizi inaoza, majani yanalegea. Nasi tunadhani una kiu, tunazidisha! Hiyo ni israfu, na dini yetu imetukataza. Toboeni kopo chini, changanyeni udongo na mchanga, lakini si wa pwani, una chumvi. Tieni maji udongo ukishakauka kabisa. Masika uwekeni barazani usilowe. Vichipukizi vikikua pembeni, ng'oeni mumpe jirani, nayo ni sadaka.

Mkikata jani, lisimamisheni kwanza mpaka utomvu wa njano uchuruzike wote, maana unawasha. Ute mweupe wa ndani ndio wa kupaka. Jaribuni mkononi kabla ya usoni. Kunywa msinywe, na mjamzito ndiyo kabisa.

Kwa Kiarabu, shubiri na subira ni mzizi mmoja. Bibi harusi akijifunza kungoja udongo ukauke, ameshaanza somo atakalolihitaji ndani ya ndoa. Allah awape maharusi wetu kheri, amin.