MUUGUZI WA GEREZANI NA DAFTARI LAKE



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya kazi isiyosifiwa sana, nayo ni uuguzi katika magereza na katika selo za polisi. Sisi wa Mbeya twapita karibu na Gereza la Ruanda mara kwa mara, na wenzetu wa Iringa wana gereza lao; walakini ni wachache wajiulizao, mtu akiugua saa nane za usiku ndani ya kuta zile, ni nani amwendeaye?

Kwetu Tanzania muuguzi wa gerezani mara nyingi ni askari. Idara ya Magereza ilitengwa na Polisi mwaka 1931, na leo Jeshi la Magereza liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wala si chini ya Wizara ya Afya. Basi muuguzi huyu huvaa sare, ana cheo, na humpigia saluti Mkuu wa Gereza; na papo hapo ameapa kumtunza mgonjwa yeyote awaye. Mfungwa akisema tumbo lamuuma, mwingine atasema ni hila ya kukwepa kazi ya shamba. Hila zipo, wala sitaki kuwafanya wafungwa wote malaika. Lakini wa kuamua ni nani? Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955, zilizotengenezwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zasema wazi kwamba neno la matibabu ni la watu wa afya peke yao, na asiye wa kazi hiyo hana ruhusa kulitangua. Tena Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilikwisha kutoa tamko juu ya kuwatunza wafungwa tangu mwaka 1975.

Mimi ni karani, na labda ndiyo sababu naiona dawa ya jambo hili katika daftari. Kila aingiaye apimwe mapema iwezekanavyo, nayo yaandikwe: uzito wake, jeraha alilo nalo, dawa anazotumia, kikohozi kilichozidi majuma mawili, na kwa mwanamke kama ni mjamzito. Daftari hilo likae kwa muuguzi, asilifungue mwingine kwa udadisi, na taarifa ya hesabu za wagonjwa imfikie Mganga Mkuu wa Wilaya. Askari wasiogope. Jeraha lililoandikwa siku ya kuingia humwokoa askari asiye na kosa, kama vile jeraha lisiloandikwa limponyeshavyo mwenye kosa.

Kikohozi nimekitaja kwa makusudi. Kifua kikuu hupita katika hewa, na huku kwetu Juni na Julai baridi ni kali, kila mtu hupenda dirisha lifungwe. Mandela mwenyewe aliugua kifua kikuu mwaka 1988 akiwa kifungoni. Wala hewa si jambo la kifua kikuu tu. Novemba 2002, huko Mbarali katika Mkoa wetu wa Mbeya, watu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika selo moja iliyojaa kupita kiasi. Mwenye funguo alihitaji mtu wa kumwambia, kwa mamlaka ya kazi yake, "Hapa asiingizwe mwingine."

Sasa nije kwenye selo za polisi, ambako naona hatari ni kubwa zaidi, maana mara nyingi muuguzi hayupo kabisa. Sheria ya mwaka 1985 yataka mtuhumiwa wa makosa mengi afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 ikiwezekana. Watu husema, saa 24 ni kitu gani? Fikirini mtu wa Iringa aliyekamatwa majira ya ulanzi. Ananuka pombe, anayumba, maneno hayaeleweki. Askari atasema, "Amelewa, mwacheni alale." Huenda ni kweli. Lakini aliyepigwa kichwani damu ikavujia ndani huyumba vile vile. Mwenye kisukari ambaye sukari imemshuka husema ovyo vile vile, hata kama hakuonja pombe. Muuguzi angemtazama mboni za macho, angempima sukari kwa tone moja la damu, angemwamsha kila baada ya muda mfupi aone kama anaitika. Pasipo muuguzi, asubuhi ndipo mlango hufunguliwa. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 apelekwe hospitali, na hiyo ni njema. Lakini fomu hutolewa kwa jeraha lionekanalo.

Najua nitajibiwa kwamba hata wodi za hospitali hazina wauguzi wa kutosha. Ni kweli tupu. Sisemi kila kituo kiwe na muuguzi wake. Nasema mmoja wa hospitali ya serikali azungukie vituo vya mji asubuhi na jioni, akiwa na daftari lake na kipimo cha sukari, naye awajibike kwa Mganga Mkuu. Na usiku askari wa zamu awe na namba ya simu ya kumwita, bila kungoja ruhusa ya mkubwa aliyelala.

Nimemwomba katibu wa tawi letu aliweke jambo hili mbele ya mkutano ujao. Wenzetu wa Iringa nawasihi wafanye vivyo hivyo, hasa wale wa hospitali na magereza, ambao waijua habari hii kuliko mimi.

Ni mimi,
KARANI, Mbeya.