Nani Aliyesema Gallery Imekufa?

Muhula uliopita, kwenye darasa la mipango miji hapa Philadelphia, tuliwekewa picha ukutani. Ilionyesha ndani ya The Gallery, jumba la maduka lililokuwa Market Street, katikati ya jiji, muda mfupi kabla halijafungwa. Mada ya siku ilikuwa majumba ya maduka yaliyokufa. Wenzangu wakaanza kutaja chanzo cha kifo: intaneti, magari, vitongoji. Mimi nilikuwa nahesabu. Kwenye picha hiyo ya maiti kulikuwa na watu 31. Mama na kigari cha mtoto, vijana wanne mbele ya duka la viatu, mzee ameketi kwenye benchi na mfuko mapajani. Karibu wote walikuwa Weusi. Hakuna aliyelitaja hilo, nami sikunyoosha mkono. Naunyoosha sasa.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Gallery ilifunguliwa mwaka 1977. Wazungu wengi wenye kipato walikuwa wamehamia vitongojini na maduka yakawafuata. Mamlaka ya jiji ikashirikiana na kampuni ya James Rouse, mtu aliyejipatia jina kwa kujenga majumba ya maduka huko huko vitongojini, ili jumba la namna hiyo lisimame katikati ya jiji na kuunganisha maduka makuu mawili, Gimbels na Strawbridge & Clothier. Fedha za umma zilitumika. Mwaka 1983 likaongezwa jengo la pili, na mwaka uliofuata kituo kipya cha treni kikafunguliwa hapo hapo, chini ya ardhi.

Ni kweli pia kwamba lilishuka. Gimbels ilitoweka miaka ya 1980. Strawbridge's ikafunga 2006. Kmart iliingia, nayo ikaondoka 2014. Sikatai hata kimoja.

Ninachokataa ni neno "kufa". Maduka makuu yalipoondoka, watu hawakuondoka. Walikuja kwa treni na mabasi kutoka North Philadelphia na West Philadelphia, wakabadilisha usafiri pale, wakanunua viatu vya shule, wakala, wakakutana. Mwanasosholojia Elijah Anderson, katika kitabu chake The Cosmopolitan Canopy cha mwaka 2011, aliitazama Gallery kama mahali ambapo Weusi wa kipato cha chini walikuwa na nafasi yao katikati ya jiji. Miaka minne baadaye nafasi hiyo ilifungwa.

Baada ya darasa nilimpigia shangazi yangu, aliyefika huku 2004 na kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao.

"Shikamoo, shangazi. Unaikumbuka Gallery?"

"Marahaba, mwanangu. Niisahau vipi? Koti langu la kwanza la baridi nilinunua pale. Nilitoka kazini nimevaa sweta mbili, nikaingia, nikakuta bei ninayoiweza."

Nikamwambia kuwa darasani wanasema jumba lile lilikuwa limekufa. Akanyamaza kidogo.

"Limekufa? Na sisi tuliokuwa mle tulikuwa nini?"

Katika vitabu vyetu sikupata jibu. Mwekezaji hupima uhai wa jumba kwa kodi inayoingia kwa kila futi ya mraba. Ni haki yake, mali ni yake. Lakini jiji lililotia fedha za wananchi halina haki ya kuazima kipimo hicho kisha kukiita ukweli. Likifanya hivyo, mteja mwenye dola 40 anahesabiwa kama hayupo, hata akiwa amesimama kwenye foleni.

Wenye jumba walifanya nini? Walilifunga 2015, wafanyabiashara wadogo wakatoka, na Septemba 2019 likafunguliwa upya likiitwa Fashion District. Jina lenyewe lilieleza linamwita nani. Wataniambia Korona ilikuja miezi sita tu baadaye. Kweli, ilikuja, na iliwapiga wengi. Hata hivyo, kampuni ya PREIT, mmoja wa wamiliki, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake 2020, ikaomba tena 2023. Julai 2022, jumba halijatimiza miaka mitatu tangu lifunguliwe upya, timu ya 76ers ilitangaza kutaka sehemu yake ibomolewe ili ijengwe arena ya mpira wa kikapu ya dola bilioni 1.3. Wakazi wa Chinatown, majirani wa karibu kabisa, wakapinga kwa miaka miwili na zaidi. Desemba 2024 baraza la jiji likaidhinisha. Januari 2025 timu yenyewe ikaghairi.

Yaani waliokuwepo waliondolewa ili kuwapisha wanaotarajiwa, na wanaotarajiwa hawakuja. Mimi hupita mle nikitoka kwenye treni. Foleni pekee niliyowahi kuikuta ilikuwa kwenye duka la nguo za bei nafuu.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu hesabu ya namna hii naijua toka nyumbani. Mwishoni mwa 2021, machinga walipoondolewa kwenye barabara za Dar es Salaam, tuliambiwa wanapangwa. Barabara si jumba la maduka, na barabara iliyozibwa ina madhara yake. Ila swali la kwanza lilipaswa kuwa lile lile: wanaonunua hapa ni nani, na kesho watanunua wapi?

Wenzangu tunaosomea kazi hii, tutapewa kalamu ya kuandika mahali gani pamekufa. Kabla ya kuandika, tuhesabu watu, kisha tuwaulize. Shangazi alikuwa na jibu la kesho yake: mabasi mawili, kila aendapo sokoni. Hakuna aliyemuuliza.