Tumlinde Refa, Tumzomee Anayejiangusha

Wana Buyenzi, wazee wetu, akina mama mnaosikia makelele yetu hadi jikoni, na nyinyi vijana mnaocheza pekupeku mpaka adhana ya magharibi iwatoe uwanjani: kuna kazi nataka tuifanye pamoja kabla mashindano mengine ya mitaa hayajaanza. Haihitaji mfadhili. Inahitaji watu.

Sote hapa ni wagonjwa wa mpira, tusifichane. Pita kwenye magereji Jumatatu asubuhi: gari liko juu ya jeki, fundi kalala chini yake, na kinachozungumzwa si injini bali penalti ya jana. Pale soko la Ruvumera muuza vitenge atakueleza Simba na Yanga wako nafasi gani kabla hajakutajia bei. Na kila timu yetu inapofungwa, mshtakiwa ni mmoja. Refa kanunuliwa. Refa kipofu. Refa mjomba wake anakaa avenyu ile. Nimesimama kando ya viwanja vyetu miaka mingi na sijaona refa akiondoka na heshima yake yote, isipokuwa siku ya sare ya bila kufungana. Na hata siku hiyo wapo waliosema ameharibu mchezo.

Sisemi marefa ni malaika. Januari 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Limbe, Kameruni, Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho ya Tunisia na Mali dakika ya 85. Akaambiwa, mchezo ukarudi, akaumaliza tena kabla ya 90 kutimia. Baadaye ilielezwa kwamba joto lilikuwa limemzidi. Huyo ni refa wa kimataifa, mwenye wasaidizi, mwenye mashine sikioni, mwenye daktari karibu. Sasa mfikirie wa kwetu. Yuko peke yake. Filimbi ameazima. Mshika kibendera ni shabiki wa timu mojawapo, au hayupo kabisa, kwa hiyo kuotea anakukisia kutoka katikati ya vumbi. Mstari wa kumi na nane ulichorwa na kisigino cha mtu asubuhi na umeshafutika. Hana posho ya uhakika, na mechi ikiisha lazima arudi nyumbani kupitia avenyu ile ile aliyoinyima penalti. Mtu katika hali hiyo akikosea, mimi simshangai. Nashangaa anakubali vipi kurudi Jumapili inayofuata.

Tuirudie mechi moja ambayo ndani yake mna kila kitu tunachokililia. Juni 16, 2018, Saransk, Urusi: Peru na Denmark, Kombe la Dunia. Katikati yupo Bakary Gassama wa Gambia. Pembeni, ameshika kibendera mbele ya dunia nzima, yupo Jean Claude Birumushahu, Mrundi mwenzetu. Kipindi cha kwanza kinakaribia kwisha, Christian Cueva wa Peru anaangushwa ndani ya eneo la hatari na Yussuf Poulsen. Gassama anaashiria mpira uendelee. VAR inamwita, anakwenda kutazama skrini, anarudi na kuweka penalti. Haki imetendeka, si ndiyo? Cueva anaupaisha juu ya mwamba. Kipindi cha pili, dakika ya 59, Denmark wanapata bao. Mfungaji nani? Poulsen yule yule aliyemkwatua mwenzake, na ambaye baba yake alikuwa Mtanzania. Moja kwa bila, mpaka mwisho.

Mechi hiyo ingechezwa hapa kwetu, tungesema refa ndiye aliyeiua Peru. Wakati refa alikosea, akasahihishwa, akawapa walichostahili, na waliokosa ni wao. Halafu jambo linaloniuma zaidi: waulize vijana wetu majina ya washambuliaji wa Manchester City, watakutajia mpaka wa akiba. Waulize Birumushahu ni nani. Mrundi amefika Kombe la Dunia, mahali ambapo timu yetu ya taifa haijawahi kufika, na amefika kwa kibendera. Mtaani hatumjui kwa sababu tumeshazoea kwamba mwenye filimbi ni mtu wa kutukanwa, si wa kuigwa.

Na tuseme ukweli kuhusu timu hiyo ya taifa, Intamba mu Rugamba. Machi 23, 2019 tulilia kwa furaha kwenye uwanja wa Prince Louis Rwagasore, unaoitwa Intwari leo, tulipotoka sare ya 1-1 na Gabon na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Wazee wanakumbuka kwamba tiketi kama hiyo ilitutoka mwaka 1993 mbele ya Guinea, kwa penalti. Basi tukaenda Misri. Nigeria wakatufunga moja, Madagascar moja, Guinea mbili. Mechi tatu, na sisi hatukufunga hata bao moja. Mtaniambia habari ya kadi nyekundu ya mapema dhidi ya Guinea. Haya, nimekubali. Na mechi mbili za kabla yake? Septemba ya mwaka huo huo tukakutana na Tanzania kutafuta nafasi kwenye mchujo wa Kombe la Dunia: 1-1 hapa Bujumbura, 1-1 Dar es Salaam, tukaenda kwenye penalti na Juma Kaseja akiwa langoni mwao. Tanzania wakapata tatu. Sisi hakuna. Hakuna hata moja. Refa anahesabu hatua kumi na moja, anaweka mpira chini, anapuliza, na kazi yake imekwisha; hapo tena huwezi kumsingizia mtu.

Wala si kwamba nchi hii haizai wafungaji. Amissi Tambwe aliwahi kuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania Bara akiwa na Simba msimu wa 2013/14, kisha tena akiwa na Yanga 2015/16. Saidi Ntibazonkiza, Saido wetu, alimaliza msimu wa 2022/23 wa ligi hiyo hiyo na mabao 17, sawasawa na Fiston Mayele. Kufunga kunafundishika. Lakini sisi tunawafundisha watoto kufunga kati ya mawe mawili, hakuna mwamba wa juu, hakuna wavu. Mtoto akipiga, hoja si kona gani ya lango, hoja ni kama mpira ulipita juu ya jiwe au ndani yake. Anakua akijua kubishana kuhusu bao kabla hajajua kulifunga.

Hapo ndipo nawaita kwanza mafundi. Buyenzi yote inajulikana kwa gereji zake. Gari lililokufa Gitega au Uvira huletwa hapa lifufuke. Tutashindwaje na magoli mawili ya bomba? Vyuma chakavu vipo, mashine za kuchomelea zipo, mikono ipo. Magereji manne yakishirikiana, tunapata jozi moja ya magoli yanayobebeka, yenye mwamba wa juu na ndoano za wavu. Wavu tutanunua kwa mchango. Na nyinyi makocha wa watoto, robo saa ya mwisho ya kila mazoezi, wakati miguu imechoka, kila mtoto apige penalti na apige kwa mguu wake mbovu. Imetosha kuhusu hilo.

Kujiangusha ni ugonjwa mwingine, na huu tunaulea sisi wenyewe. Kila mtu anamkumbuka Rivaldo mwaka 2002: Brazil na Uturuki, Hakan Ünsal anampigia mpira, unamgonga pajani, yeye anashika uso na kuanguka kana kwamba kapigwa rungu. Mturuki akatolewa. FIFA ikamtoza Rivaldo faini ya faranga 11,670 za Uswisi, ambayo kwa mchezaji wa kiwango chake ni pesa ya chai, na mwisho wa mwezi akabeba Kombe. Watoto waliona. Watoto wetu pia wanaona, kila wiki, kwenye vibanda vya kuangalia mpira, na wanaona kitu kibaya zaidi: sisi watu wazima tukicheka na kusema, "Huyo mjanja."

Kanuni ya 12 ya mchezo iko wazi, anayejifanya kachezewa rafu ili amdanganye refa apewe kadi ya manjano. Lakini refa wetu hana VAR, ana macho mawili na vumbi. Wenye kuona ni sisi tuliosimama mita mbili kutoka pale, pande zote nne. Tunajua kabisa kwamba hakuguswa. Kwa hiyo ninachowaomba ni kigumu, na najua mtakikunjia uso: mchezaji wetu akijiangusha, tumzomee sisi wenyewe, mashabiki wake. Wale wa upande wa pili wakimzomea hajali, anazoea. Akizomewa na avenyu yake, na mjomba wake, na yule mama anayemuuzia maandazi, hatarudia. Na tukipewa penalti ya uongo, nahodha amwambie refa kwamba haikuwa. Siku ya kwanza tutapoteza mechi kwa ajili ya hili. Nasema mapema, ili asije mtu kusema hakuambiwa.

Kuhusu nahodha kuna jambo tunaweza kuliiga bila gharama yoyote. Kwenye michuano ya Ulaya ya 2024 kule Ujerumani, UEFA iliamuru kwamba nahodha peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kumwendea refa na kuuliza kuhusu uamuzi. Mwingine akimvamia, kadi. Wanaotunga kanuni za mchezo wameshaziruhusu ligi nyingine zifanye hivyo. Basi nasi tufanye. Siyo wachezaji tu. Kila timu iwe na mzee mmoja wa upande wake, mtu anayeheshimika, na asivuke mstari mtu mwingine yeyote: si kocha wa akiba, si kaka wa golikipa, si mwenye pikipiki aliyepita tu akasikia kelele.

Mnadhani natia chumvi? Mei 9, 2001, Accra, mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Mashabiki waliokasirishwa na matokeo na maamuzi wakaanza kung'oa viti na kuvirusha, polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango, na zaidi ya watu 120 wakafa. Hakuna aliyetoka nyumbani siku ile akikusudia kuua. Walikuwa watu wanaopenda mpira kama sisi.

Sasa marefa wenyewe. Napendekeza kila avenyu itoe vijana wawili, na mmoja kati yao awe msichana. Asije mtu kuniambia wasichana hawawezi. Salima Mukansanga wa jirani zetu Rwanda alichezesha Zimbabwe na Guinea Januari 2022, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Hapa mjini wapo marefa wa zamani waliostaafu ambao tukiwaomba kwa adabu watatufundishia vijana hao kanuni. Wakishajua, wasichezeshe mechi za Buyenzi. Waende Kinama, Kanyosha, Nyakabiga, na wa huko waje kwetu. Refa asiye na mjomba katika avenyu yoyote hatashukiwa kwa haraka, na yeye mwenyewe atapuliza bila woga.

Posho yake ichangwe kabla ya mashindano kuanza, kila timu sehemu sawa, ikae kwa mtu mmoja anayeaminika, na alipwe hata kama tumefungwa sita. Hasa kama tumefungwa sita.

Wako watakaosema mtaa wetu una shida kubwa kuliko mpira: mafuta, bei ya mchele, vijana wasio na kazi. Ni kweli. Lakini vijana hao wasio na kazi wako wapi saa kumi jioni? Wako uwanjani. Na Buyenzi si mahali pa kuambiwa haiwezi kuishi na watu wa kila namna. Miaka ya vita, mitaa mingine ya mji huu ilipogawanyika, hapa watu waliendelea kukaa mlango kwa mlango, na waliokimbia kwingine wakapata pa kulala. Sioni kwa nini mtaa uliofanya hivyo ushindwe kumfikisha refa nyumbani kwake salama.

Tuanze Jumamosi moja, baada ya kazi za pamoja za asubuhi, wakati majembe bado yako mikononi. Ni ikibiri ile ile, tunahamia uwanjani: tusawazishe mashimo, tupime mistari kwa kamba, tuimwagie chokaa. Mafundi waje na vipimo vya magoli. Kila avenyu ije na majina ya vijana wake wawili, na mzee wake atakayesimama kwenye mstari. Makocha waje na orodha ya timu zao na mchango wa posho, hata kama ni nusu. Mwenye filimbi ambayo haitumiki nyumbani aje nayo. Tunahitaji tatu, na mpaka sasa tunayo moja, tena ya kuazima.